Je, wajua kwa nini filta za kamera hugandana pale unapozihitaji haraka?

Wapiga picha wengi hubeba filta zao (vioo vyenye pete vinavyofungwa mbele ya lenzi) zikiwa zimefungana kama mnara: polaraiza (ile inayopunguza mng'ao) juu ya ND (ile nyeusi inayopunguza mwanga), ND juu ya UV (ile inayozuia miale ya urujuanimno), na kifuniko cha chuma kila upande. Mnara huo unaingia mfukoni bila shida. Shida huja maharusi wanapotoka ukumbini kwenda juani na ND haitaki kuachana na mwenzake.

Lawama hutupiwa joto: eti chuma kimevimba. Hesabu haikubali. Alumini hutanuka kwa takriban sehemu 23 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, hivyo pete ya milimita 77 ikipata nyuzi 20 zaidi huongezeka kama milimita 0.035 tu. Tena, pete zote mbili zikiwa za alumini hutanuka pamoja, kwa hiyo nafasi iliyo kati yao karibu haibadiliki. Joto lina neno pale metali zinapotofautiana, au mdomo wa lenzi ukiwa wa plastiki. Lakini kuna watu huichukua lenzi nzima na kuiweka kwenye friji! Itoe humo ukiwa Mombasa au Dar es Salaam, uone kioo kinavyolowa umande.

Wengine husema ilikazwa mno. Hapo kuna ukweli kiasi. Hesi, ile mifereji ya kufungia pete kwa kuizungusha, ni kabari iliyoviringishwa, na kwa filta za 77 kila mzunguko mmoja husogeza pete milimita 0.75 tu. Mzingo wake ni kama milimita 242. Kabari ya urefu huo yenye unene wa chini ya milimita moja ni nyembamba ajabu, kwa hiyo hata mkono mwepesi huzibana pete kwa nguvu nyingi. Polaraiza huzidisha mambo: huzungushwa muda wote wa kazi, na wengi huizungusha upande wa kukaza tu isije ikaanguka.

Hata hivyo, filta iliyokazwa kwa vidole ingepaswa kufunguka kwa vidole. Kinachoifungia kabisa ni namna ya kuikamata. Chukua ndoo ya plastiki tupu, uiminye mdomo kwa mikono miwili kutoka pande mbili. Unakuwa yai: pale ulipominya panaingia ndani, pande zile nyingine zinatoka nje. Pete ya filta ni nyembamba, nayo hufanya vivyo hivyo, ila kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Pande zilizotoka nje husukuma hesi za pete inayoizunguka na msuguano unapanda. Ukiona haitoki unaminya zaidi, yai linazidi kuwa yai. Yaani mkono uleule unaofungua ndio unaofunga.

Polaraiza ina ujanja wake wa ziada. Pete yake ya mbele huzunguka bure, na yenye hesi ni ile ya nyuma, nyembamba kiasi kwamba hushikika kwa kucha tu. Kucha mbili ni sehemu mbili, na yai linarudi palepale.

Dawa ni kushika pande zote kwa wepesi. Rababendi pana ikizungushwa kwenye pete hutosha mara nyingi. Njia nyingine ni kuibandika filta kifudifudi juu ya kipande bapa cha raba safi, ukandamize kidogo, kisha uzungushe lenzi. Pete za brasi, aloi ya shaba na zinki, husifiwa kwamba hazing'ang'anii kama alumini. Sababu inaingia akilini, ingawa wanaoisifu zaidi ni wanaoziuza.

Kwa kazi ya haraka, mnara uache nyumbani. Kifuko cha kiunoni chenye mfuko mmoja kwa kila filta, kwa mpangilio usiobadilika, hukuwezesha kuchukua bila kutazama. Kama lenzi zako zina midomo ya 67 na 77, acha pete ya kuongeza kipenyo kwenye ile ya 67 moja kwa moja, na seti moja ya filta za 77 itatosha zote; utakachopoteza ni kivuli cha lenzi hiyo (kile kikombe cha mbele kinachokinga jua), hakitaingia tena. Filta za sumaku hazina kero ya hesi wakati wa kubadilisha, ila mkanda wa kamera ukizikwaruza vibaya zinabanduka, na hilo huwa kwenye sakafu ya saruji.