Kizingiti cha kupiga dawa ni nini, na kimebadili vipi mashamba ya matunda

Kizingiti cha kiuchumi ni idadi ya wadudu ambayo ikifikiwa shambani, mkulima anapaswa kuchukua hatua, kwa sababu akiwaacha wataharibu mali kubwa kuliko gharama ya kuwadhibiti. Idadi ikiwa chini ya hapo, kupiga dawa ni kutupa pesa, hata kama wadudu wenyewe anawaona kwa macho.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme kupiga dawa mara moja, pamoja na mafuta ya mashine na vibarua, kunagharimu Sh 90,000 kwa ekari, na kilo ya tunda shambani inauzwa Sh 1,500. Gharama hiyo ni sawa na kilo 60. Wadudu waliopo wakitarajiwa kuharibu kilo 20, waache. Wakielekea kilo 60, pampu itoke stoo kabla hawajafika huko, maana wadudu wanaendelea kuzaliana wakati wewe bado unatafuta dawa na watu. Bei ya tunda ikipanda hadi Sh 3,000, kilo 30 tu zinatosha kuhalalisha gharama ile ile. Ndiyo maana tunda la bei kubwa hupigwa dawa mapema na mara nyingi zaidi.

Dhana hii iliwekwa kwenye maandishi mwaka 1959 na wataalamu wanne wa Chuo Kikuu cha California: Vernon Stern, Ray Smith, Robert van den Bosch na Kenneth Hagen. Kabla ya hapo, mashamba makubwa ya matunda yalikwenda kwa ratiba. Tarehe ikifika, dawa inapigwa, wadudu wawepo wasiwepo.

Ratiba hiyo ilizaa nini, tazama matufaha ya jimbo la Washington, Marekani. Adui mkuu huko ni kiwavi wa nondo aitwaye Cydia pomonella, anayetoboa tunda na kwenda kula mbegu zilizo katikati. Kwa miongo kadhaa alipigwa kwa sumu yenye madini ya risasi na aseniki. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 viwavi wa baadhi ya maeneo ya Marekani walikuwa wameshaizoea sumu hiyo, na jibu la wakulima likawa kuongeza kipimo na kuongeza mizunguko. Uingereza ililalamikia aseniki iliyobaki kwenye maganda ya matufaha ya Marekani, na sehemu za kufungashia zikaanza kuosha matunda kwa tindikali. Risasi na aseniki hazikuoshwa udongoni. Zipo hadi leo katika ardhi ya mashamba ya zamani, na baadhi ya ardhi hiyo sasa ina nyumba ambazo watoto wanachezea uwanjani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja DDT. Iliua viwavi, ikaua pia wadudu waliokuwa wakila utitiri. Utitiri, ambao zamani haukuwa tatizo kubwa, ukafumuka na kukausha majani, na mkulima akajikuta ananunua dawa ya pili kutibu madhara ya dawa ya kwanza. Katika miaka ya 1960 Stanley Hoyt, mtafiti wa mji wa Wenatchee huko Washington, alionyesha kwamba ukichagua dawa kwa uangalifu na kupunguza kipimo, utitiri mwindaji, ule unaokula utitiri mharibifu, hubaki hai na kuudhibiti bure.

Kizingiti hakifanyi kazi bila kuhesabu. Katika shamba la matufaha, kinachohesabia ni mtego wa karatasi ngumu wenye umbo la paa la nyumba, sakafu yake imepakwa gundi, na ndani kuna kipande kidogo cha mpira kinachotoa harufu ya nondo jike. Unaning'inizwa juu kwenye matawi. Dume akivutwa na harufu hunasa, na kila wiki mtu hupita kuhesabu. Kuanzia siku nondo wanapoanza kunasa mfululizo, mkulima hujumlisha kiasi ambacho joto la wastani la kila siku limezidi nyuzi 10 za Selsiasi. Jumla ikikaribia 140, mayai yanaanza kuanguliwa. Nafasi ya kumpata kiwavi ni hapo, kwa kuwa akishaingia ndani ya tunda, dawa inalowesha ganda tu.

Harufu hiyo hiyo hutumika pia kama kinga. Tangu mwaka 1991 wakulima wa Marekani wameruhusiwa kutundika vitoa harufu vingi shambani hadi dume ashindwe kumpata jike. Njia hiyo imeenea sana Washington, na imesaidia wakulima kuachana na azinphos-methyl, sumu kali ya mishipa ya fahamu iliyotawala mashamba hayo kwa miongo mingi.

Ukisikia kwamba matumizi ya dawa yamepungua kwa tani kadhaa, uliza tani za nini. Dawa za zamani zilipigwa kwa kilo nyingi kwa ekari, ilhali nyingi za leo hupigwa kwa gramu. Uzito unaweza kushuka na idadi ya mizunguko ikabaki ile ile, au sumu kwa nyuki ikaongezeka. Takwimu ya uzito peke yake haitoshi kumwambia mtu kama shamba limekuwa salama.

Soko nalo hukivuruga kizingiti. Kwa embe la kuuzwa Ulaya, kizingiti ni kama sifuri, kwani funza mmoja akionekana mzigo wote unaweza kukataliwa. Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi wa matunda Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa nchini humo mwaka 2003. Funza wake hukaa ndani ya nyama ya tunda, ambako dawa inayopigwa juu ya ganda haimfikii. Kinachomsaidia mkulima ni kuokota kila embe lililoanguka na kulifukia au kulifunga kwenye mfuko, kutundika mitego inayovuta madume, na kushawishi majirani wafanye hivyo hivyo, kwa sababu nzi wa shamba moja lisilosafishwa huenea kwa wote.