Kipindi cha wimbi: namba ya kusoma kabla ya mita

Kipindi cha wimbi ni muda, kwa sekunde, unaopita kati ya kilele kimoja cha wimbi na kilele kinachofuata, mahali pamoja. Simama ufukweni, chagua boya au ngalawa iliyotia nanga, utazame inavyopanda na kushuka. Ikifika juu kabisa anza kuhesabu vilele, huku saa ya simu ikienda. Kilele cha kwanza kiite sifuri. Kikifika cha kumi, simamisha saa, ugawanye sekunde zako kwa kumi. Ukipata 70, kipindi ni sekunde 7. Ukipata 140, ni sekunde 14, na hiyo ni bahari nyingine kabisa hata kama wimbi lina kimo kilekile.

Nalisema hili kwa sababu karibu kila mtu anayeuliza habari za bahari huuliza mita tu. Matangazo nayo yametuzoesha hivyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitoa angalizo, utasikia upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2 kwa mikoa ya pwani. Ni taarifa nzuri, na imewazuia wengi wasitoke siku mbaya. Lakini anayetaka kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, au mvuvi anayepitisha mtumbwi kwenye mlango wa mwamba wa matumbawe, anahitaji namba moja zaidi. Kwenye jedwali za utabiri za kwenye simu namba hiyo huandikwa pembeni ya mita, na ndiyo wengi wanayoiruka.

Hizo mita zenyewe zina jambo lake. Utabiri ukisema mita 2, hausemi wimbi kubwa kuliko yote. Ni wastani wa theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Mengi yatakuwa chini ya hapo, na mara mojamoja litakuja moja linalokaribia mita 4. Anayekaa majini saa mbili ajue kwamba huenda akakutana nalo.

Sasa, sekunde zinatoka wapi? Wimbi ni kazi ya upepo. Upepo ukianza kuvuma juu ya maji shwari hutengeneza viwimbi vifupi vilivyobanana. Ukiendelea kuvuma kwa nguvu, kwa siku nyingi na juu ya eneo pana, viwimbi hujengeka, vinarefuka, na kipindi kinapanda. Kusi, upepo wa msimu wa kutoka kusini, inayovuma mbele ya macho yetu hutupa mawimbi ya sekunde 6 hadi 8. Dhoruba kubwa za bahari ya kusini, huko chini ya Afrika Kusini ambako upepo hauna nchi kavu ya kuuzuia, hutoa mawimbi ya sekunde 14, 16, hata zaidi. Ya kwanza tuyaite mawimbi ya upepo. Ya pili ni mawimbi ya mbali: upepo ulioyazaa huenda ulikwisha kufa siku tano zilizopita, lakini yenyewe bado yako njiani.

Hesabu yake si ngumu. Kwenye kina kirefu, umbali kutoka kilele hadi kilele, kwa mita, ni kipindi mara kipindi mara 1.56. Wimbi la sekunde 7 lina kama mita 76. La sekunde 14 lina kama mita 306. Kipindi kimeongezeka mara mbili, umbali umeongezeka mara nne. Na wimbi huanza kuigusa sakafu ya bahari pale kina kinapofika nusu ya umbali huo. Lile fupi halina habari na chini mpaka lifike kwenye mita 38. Lile refu limeshaanza kuisikia sakafu kwenye mita 150, mbali sana nje ya mwamba. Linapunguza mwendo, linapinda kufuata umbo la chini, linainuka. Ndiyo maana wimbi refu la kimo kidogo huko nje laweza kusimama juu likifika mwambani, wakati wimbi fupi la kimo kikubwa linafika likiwa limechoka na kuvurugika.

Mwendo nao unategemea kipindi. Kundi la mawimbi ya sekunde 14 husafiri kama kilomita 39 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 900 kwa siku moja. La sekunde 7 ni nusu ya hapo. Kwa hiyo dhoruba ya mbali hujitangaza kwa utaratibu: kwanza yanafika mawimbi marefu, madogo kwa kimo, na siku inayofuata sekunde zinaanza kushuka huku mita zikipanda. Mwaka 1963 mwanasayansi Walter Munk na wenzake waliweka vituo vya kupimia kuanzia New Zealand hadi Alaska, wakayafuata mawimbi yaliyozaliwa na dhoruba za kusini mpaka upande wa pili wa Pasifiki. Mawimbi yale yalivuka bahari nzima.

Bahari yetu ya Hindi nayo ilionyesha hivyo Mei 2007. Dhoruba kali iliyokuwa kusini mwa Afrika ilituma mawimbi marefu yaliyopiga kisiwa cha Réunion na kuharibu bandari ya uvuvi ya Saint-Pierre, na siku chache baadaye maji ya bahari yakaingia kwenye visiwa vya Maldivi. Dhoruba yenyewe haikufika huko. Kilichofika ni mawimbi yake.

Tuje Malindi, maana ndiko ninakokujua, na ndipo mahali pa pwani ya Kenya panapojulikana kwa mawimbi ya kutelezea. Sehemu kubwa ya pwani ile imekingwa na mwamba wa matumbawe. Wimbi linavunjikia nje na ndani maji yametulia. Kwenye ghuba ya Malindi kinga hiyo imekatika. Mto Sabaki, ule unaoanza juu bara kwa jina la Athi na kuitwa Galana njiani, unamwaga maji yake kaskazini ya mji, na matumbawe hayapendi matope wala maji baridi ya mto. Wimbi linapata njia ya kuingia mpaka ufukweni na kuvunjika juu ya fungu la mchanga. Lakini mchanga hautulii. Wakati wa kaskazi mkondo huleta udongo wa mto upande wa mji, maji yanakuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na mafungu yanahama. Mahali palipovunja wimbi zuri mwaka jana, mwaka huu pengine pana kina tu.

Halafu kuna ramani. Chukua rula, iweke Malindi, ielekeze kusini kabisa: inagota nchi kavu karibu na Mtwara, si mbali na mpaka wa Msumbiji. Izungushe taratibu kuelekea kusini-mashariki: inagusa ncha ya kaskazini ya Madagaska. Mawimbi ya mbali kutoka bahari ya kusini yanapita kwenye pengo lililobaki hapo kati, na ndani ya pengo hilo vimekaa visiwa vya Ngazija, Anzuani, Mwali na Mayotte. Mengine yanazunguka nje ya Madagaska na kuingia yakitokea mashariki, yamepungua sana. Mtu wa Durban au wa Réunion anapata wimbi la kusini mzimamzima. Sisi tunapata masazo. Naona hii ndiyo sababu kubwa ya Malindi kuwa na sifa ya mahali pasipoaminika, kuliko hali ya hewa ya siku yoyote. Digrii za mwelekeo, kwa hiyo, nazo zisomwe: namba inayoandikwa ni upande wimbi linakotoka, ukihesabu kaskazini sifuri, mashariki 90, kusini 180. Sekunde 15 kutoka digrii 200 ni wimbi tamu kwa Msumbiji ya kusini. Malindi hakitafika kitu.

Kwa hiyo msimu wa mawimbi hapa ni msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, na mengi yake ni mawimbi ya upepo: mita 1.5 hadi 2, sekunde 7 au 8, kutoka kusini-mashariki. Mawimbi ya namna hii hutegemea sana saa unayoingia. Alfajiri, kabla kusi haijaamka, kuna umande, ule upepo mwepesi wa kutoka nchi kavu. Unalipuliza wimbi usoni, linasimama kidogo kabla ya kuanguka, na uso wake unakuwa laini. Kufika saa nne au tano upepo wa baharini umeshika, unalisukuma wimbi mgongoni, linaanguka kabla ya wakati wake na ghuba nzima inakuwa povu. Mita ni zilezile, sekunde zilezile. Kilichobadilika ni upepo tu, ndani ya saa chache.

Maji kujaa na kupwa yanaongeza hesabu nyingine. Tofauti yake hapa wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, huzidi mita 3, nayo ni nyingi kwa fungu la mchanga, kwa sababu wimbi huvunjika pale kina kinapokaribia mara moja na theluthi ya kimo chake. Wimbi la mita moja linataka kina cha mita 1.3 hivi. Fungu lenye kina hicho maji yakiwa nusu, litakuwa kavu yakipwa, na yakijaa wimbi litapita juu yake bila kuvunjika. Wazee wa pwani wanajua bila jedwali kwamba siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi na kupwa karibu na saa nne, alfajiri na jioni, asubuhi na usiku, na kwamba kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo siku za bamvua, dirisha la maji nusu likiangukia asubuhi na mapema kabla ya upepo, ndiyo asubuhi ya kuamka. Siku za maji mafu, tofauti hiyo inapokuwa ndogo, dirisha ni refu zaidi.

Mwaka mmoja, mwezi wa nne, wakati wa tangambili, kati ya kaskazi na kusi, nilikaa na mpwa wangu kwenye jabali karibu na mnara wa Vasco da Gama. Utabiri ulisema mita 0.8. Nikaona ni maji ya kuogea watoto. Sekunde zilikuwa 14, sikuzitazama. Bahari ilikuwa imelala kwa dakika kama kumi, mpwa wangu akavua ndala na kuzipanga pembeni yake kwenye jiwe. Kisha upeo wa macho ukapata mistari, mmoja, wa pili, wa tatu. La kwanza lilipanda mpaka kwenye miguu yetu. La pili lilifika kiunoni mwake, nikamshika mkono. Ndala zilizunguka mara mbili kwenye povu na kwenda. Baada ya mawimbi matano bahari ikalala tena, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hivyo ndivyo mawimbi marefu yanavyosafiri: kwa makundi. Yanakuja manne, matano, sita, halafu kimya kirefu. Mawimbi mafupi ya kusi hayana adabu hiyo, yanakuja mfululizo, kwa hiyo unayaona na unaogopa mapema. Hatari ya kipindi kirefu ni ule ukimya. Aliye juu ya mwamba, anayevua kwa mshipi, na hasa nahodha anayengoja kupita mlangoni, akiona sekunde 12 na kuendelea, akae atazame kwa dakika ishirini kabla ya kuamini kwamba bahari ni shwari. Akiona kundi limepita, ndipo apite nyuma yake.

Vimbunga navyo huandika ishara yao kwenye sekunde. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, bahari ya pwani nzima ilikuwa imechafuka na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa. Kimbunga kikiwa bado mbali, jedwali huonyesha kipindi kikipanda hali mita hazijasema kitu, na hapo hata asiyeteleza ana sababu ya kufuatilia matangazo kila baada ya saa chache.

Kuna mtego mmoja kwenye jedwali zenyewe. Mara nyingi bahari hubeba mawimbi ya aina mbili kwa pamoja, na jedwali hukupa namba moja ya jumla. Mawimbi ya upepo ya mita 1.5 yakichanganyika na ya mbali ya mita 0.8, jumla haiwi 2.3. Inakuwa 1.7, kwa sababu zinajumlishwa nguvu, si vimo. Ukiona 1.7 na sekunde 7 hutajua kwamba chini yake kuna lile la sekunde 14. Fungua safu zilizotenganishwa, kama zipo, usome kila moja peke yake. Na kompyuta inayotoa namba hizo huigawa bahari kwa miraba ya kilomita nyingi. Haijui fungu la mchanga la Malindi liko wapi wiki hii.

Chukua mfano wa mistari miwili, yote ya mita 1.2. Ijumaa: sekunde 6, digrii 140, upepo kilomita 30 kwa saa kutoka kusini-mashariki tangu usiku. Jumapili: sekunde 11, digrii 155, upepo kilomita 8 kutoka nchi kavu hadi saa tatu asubuhi, na saa moja asubuhi maji ni nusu, yanapwa. Ijumaa ningelala. Jumapili ningekuwa ufukweni kabla jua halijatoka, ubao chini, nikihesabu vilele kumi kwenye ngalawa ya kwanza nitakayoiona, nihakikishe sekunde 11 za kwenye simu zimefika kweli.