Heshima ya watafiti wa magonjwa ya kuambukiza: yanayosemwa Goma na ukweli wake

Ukitaja Ebola hapa Goma, watu wanakumbuka ndoo za maji ya klorini kwenye milango, kipimajoto kikielekezwa kwenye paji la uso, na tarehe 14 Julai 2019, siku mgonjwa wa kwanza alipothibitishwa mjini. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Lakini uliza jina la mtu mmoja tu aliyekesha na vichupa vya damu ili majibu yatoke, na wengi watanyamaza. Mtafiti akitajwa, maneno ni yale yale, kwenye soko la Virunga kama kwenye vyumba vya walimu wa chuo kikuu. Tuyatazame moja moja.

«Ebola iligunduliwa na wazungu»

Ni kweli kwamba virusi vyenyewe vilitambuliwa kwenye maabara za Ulaya na Marekani, na kwamba damu ilipokelewa kwanza Antwerp, Ubelgiji. Ila damu haikujipeleka. Mwaka 1976 daktari Jean-Jacques Muyembe, ambaye alikuwa amesomea virusi Leuven hadi shahada ya udaktari, alitumwa Yambuku, kaskazini mwa Zaire ya wakati ule. Aliwatoa wagonjwa damu bila glavu, kwa kuwa hazikuwepo. Akaona jambo geni: sindano ikichomolewa, damu haigandi, inaendelea kutiririka hadi kwenye vidole vyake. Alinawa kwa maji na sabuni. Kisha akamshawishi mtawa mmoja Mbelgiji, aliyekuwa ameshaugua, waende pamoja Kinshasa. Damu ya mtawa huyo ndiyo iliyosafirishwa hadi Antwerp. Mlipuko ule ulipata watu 318 na kuua 280.

Kwa miaka mingi habari hii ilisimuliwa kuanzia pale kichupa kilipofunguliwa. Aliyekifungua ana sehemu yake, na aliyekijaza ana yake pia. Ndiyo maana Muyembe, akiwa mkurugenzi wa taasisi ya taifa ya utafiti wa kibayolojia na tiba (INRB), alishika msimamo kwamba sampuli zinazochukuliwa Kongo zitunzwe Kongo, na anayetaka kuzichunguza aje. Mwenye sampuli ndiye anayeketi mezani wakati maswali ya utafiti yanapangwa. Akiziachia zikaenda bila mkataba, jina lake huachwa nyuma pamoja na boksi tupu.

«Tuzo ni malipo ya siku moja ya bahati»

Fuata uzi mmoja tu uone. Mwaka 1995, Ebola ilipozuka Kikwit, mji wa kusini magharibi mwa Kongo, Muyembe na wenzake waliwatia wagonjwa 8 damu ya watu waliokuwa wamepona. 7 kati yao wakaishi. Wataalamu wengi hawakushawishika, na pingamizi lao lilikuwa na uzito: hapakuwa na kundi la kulinganisha, na pengine wagonjwa wale walikuwa tayari wamevuka hatua mbaya. Mwaka 2006, mmoja wa walionusurika Kikwit alitoa damu. Katika chembe zake za kinga, watafiti wa Marekani wakishirikiana na Wakongo walipata kingamwili (protini ya mwili inayokamata kirusi) iliyopewa jina la mAb114. Halafu ukaja mlipuko wa Kivu na Ituri, na ndani yake jaribio la dawa lililoitwa PALM, kifupi cha «Pamoja Tulinde Maisha». Kiswahili chetu kiko kwenye jina la utafiti huo, tusisahau.

PALM ilifanyika Mangina, Beni, Butembo na Katwa kuanzia Novemba 2018 hadi Agosti 2019. Wagonjwa 681 waligawanywa kwa kura kwenye dawa nne. Kati ya waliopata mAb114, karibu 35 kwa kila 100 walifariki. Kati ya waliopata ZMapp, dawa iliyowekwa kuwa ya kulinganishia, ni karibu 50 kwa kila 100. Kundi la kulinganisha lililokosekana 1995 lilipatikana hapo. Desemba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha mAb114 kwa jina la Ebanga. Kutoka Kikwit hadi idhini ni miaka 25.

Kazi hiyo ya miaka mingi, hata kabla ya idhini, ndiyo iliyotazamwa mwaka 2019 Muyembe alipopewa na Japani Tuzo ya Afrika ya Hideyo Noguchi, yenye yeni milioni 100. (Noguchi mwenyewe alifariki Accra mwaka 1928 kwa homa ya manjano, ugonjwa aliokuwa akiuchunguza.) Wanaopima maisha ya mtafiti hutazama pia nani amefundishwa naye. Katika makala ya PALM jina la kwanza ni la Sabue Mulangu, Mkongo. Mwaka 2024 jarida la Nature lilimweka Placide Mbala wa INRB kwenye orodha yake ya watu kumi wa mwaka, kwa kazi ya kufuatilia mpox (ndui ya nyani), kikiwemo kirusi cha aina mpya kilichoonekana Kamituga, Kivu Kusini.

«Jina la kwanza ni la mkubwa»

Katika makala za tiba ni kinyume. Wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyebeba kazi: alikusanya, alichambua, aliandika rasimu. Wa mwisho ndiye msimamizi aliyeunda timu na kubeba wajibu. Katika PALM, Muyembe ni wa mwisho kwenye orodha ya majina ya watu, na hiyo ni heshima kubwa. Kamati ya chuo inayohesabu «makala ambazo yeye ni wa kwanza» tu inawapunja wasimamizi wote wazuri.

«Fundi wa labo ameshukuriwa mwishoni mwa makala, inatosha»

Hapa ndipo watu wetu wanapopoteza zaidi, na mara nyingi kwa kutojua kanuni.

Kanuni inayofuatwa na majarida mengi ya tiba inataka mambo manne kwa pamoja ili mtu aitwe mwandishi: awe amechangia kwa uzito katika kupanga utafiti, kupata data au kuzichambua, awe ameandika au kuhakiki rasimu, awe ameidhinisha nakala ya mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Fundi aliyeendesha vipimo miezi sita ana sharti la kwanza mkononi. Anaangukia la pili, kwa sababu hakuna aliyemtumia rasimu. Kisha anaambiwa hajatimiza masharti. Lakini kanuni ile ile inasema wazi kwamba aliyetimiza la kwanza lazima apewe nafasi ya kutimiza mengine. Kumnyima rasimu ni kuvunja kanuni.

Suluhisho la hili huandaliwa kabla ya sampuli ya kwanza. Kwenye itifaki ya utafiti andikeni ukurasa mmoja: nani anafanya nini, nani atapewa rasimu, kwa siku ngapi, kwa lugha gani. Rasimu ya Kiingereza ikitumwa Ijumaa jioni na jibu likitakiwa Jumatatu, muuguzi wa Butembo hakupewa nafasi yoyote. Siku kumi, na muhtasari wa Kifaransa, ni kiasi cha chini cha haki.

«Tuzo inakuja yenyewe kwa anayestahili»

Haiji. Tuzo nyingi zinahitaji mtu mwingine apendekeze. Ya Nobel hupokea mapendekezo ya watu walioalikwa tu, hadi tarehe 31 Januari, na hairuhusu mtu kujipendekeza. Kwa hiyo kazi ni ya chuo, shirika la madaktari, au wanafunzi wa zamani. Dosie huwa na wasifu, makala tano hadi kumi zilizochaguliwa (orodha nzima haimsaidii msomaji), barua za watu wanaojua kazi hiyo, na maelezo mafupi ya kilichobadilika kwa wagonjwa.

Huharibika wapi? Kwenye jina. Sisi tuna jina, jina la pili na jina la ubatizo, na kila jarida hukata linapotaka. Mtu mmoja anaonekana kwenye kanzidata kama watu watatu, na kila mmoja ana makala chache. Chagueni mwandiko mmoja mapema, kistari kikiwemo, na mfungue namba ya ORCID, yaani namba ya utambulisho wa mtafiti: ni bure, ina tarakimu 16, na hushikamana na mtu hata jina likiandikwa vibaya. Barua nazo huharibu. «Ni mchapakazi na mwaminifu» haisemi kitu. Sema alifundisha mafundi wangapi, mji gani, wakati gani, na kipimo gani kinafanyika leo bila yeye kuwepo.

«Apewe akishakufa»

Nobel haitolewi kwa marehemu. Na katika kazi hii kifo huwahi: daktari Richard Mouzoko, mtaalamu wa milipuko kutoka Kameruni, aliuawa kwa risasi Butembo tarehe 19 Aprili 2019 akiwa kazini.

«Kutunza friza si utafiti»

Januari 2025, vita vilipoingia Goma na umeme ukakatika, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitoa tahadhari hadharani kuhusu maabara ya INRB mjini, yenye sampuli za vimelea hatari kama Ebola. Wengi walisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza kwamba maabara hiyo ipo.

Friza ya nyuzi −80 haijali cheo cha mtu. Anayeitunza husoma joto asubuhi na jioni, huandika kwenye daftari pamoja na saa na sahihi, hupima mafuta ya jenereta, na umeme ukikatika hazuii tu wezi bali pia kila mkono unaotaka kufungua mlango, maana kila ufunguzi huingiza joto. Sampuli ikiyeyuka na kuganda tena, chembe za urithi za kirusi huweza kuvunjika, na kichupa cha miaka mitano huenda kisijibu tena maswali mengi. Iwapo dosie ya mtu huyo ina mstari usemao «alitunza sampuli kwa miaka kadhaa bila kupoteza hata moja», na daftari likaambatishwa, kamati yoyote makini itasimama hapo.