Mwenza wa kiongozi katika ziara rasmi: maana yake

Mwenza wa kiongozi ni mke, mume au mpenzi anayetambulika, ambaye husafiri na kiongozi kwa sababu ya uhusiano wao, si kwa cheo. Haketi kwenye mazungumzo wala hasaini mkataba. Hupewa ratiba yake: hospitali, shule, makumbusho, kisha picha ya pamoja.

Mei 2017, kwenye mkutano wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, mjini Brussels, picha hiyo ilikuwa na mwanamume mmoja katikati ya wake za viongozi: Gauthier Destenay, mume wa Xavier Bettel, wakati huo waziri mkuu wa Luxembourg. Ikulu ya Marekani ilipoiweka Facebook, maelezo yalitaja majina ya kina mama wote, la kwake likaachwa. Liliongezwa baadaye, baada ya watu kulalamika.

Kisa cha Guido Westerwelle, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, ni kizito zaidi. Machi 2010 alizuru Amerika Kusini, na katika msafara alikuwamo mpenzi wake, Michael Mronz. Mronz alikuwa mwandaaji wa matamasha ya michezo, na Brazil, mojawapo ya nchi walizofika, ilikuwa ikijiandaa kwa Kombe la Dunia la 2014 na Olimpiki ya 2016. Wapinzani wakauliza: huyu amekuja kama mwenza au kama mfanyabiashara?

Kwangu mimi swali hilo ni halali kabisa. Huo ndio mgongano wa maslahi, yaani faida binafsi kuingiliana na kazi ya umma, na hata mwenza akijilipia nauli hauishi, maana nafasi ya kusalimiana na wakubwa wa nchi hainunuliwi kwa tiketi. Mke wa waziri mwenye kampuni ya ujenzi angestahili kuulizwa vivyo hivyo. Kipimo ni hicho tu: swali likibadilika kwa sababu mwenza ni mwanamume kama waziri mwenyewe, basi hawaulizi tena habari za fedha ya umma, wanamuuliza mtu anampenda nani. Inauma kuona chuki ikivaa joho la uwajibikaji.

Mwaka huohuo Westerwelle alieleza kwamba hakumchukua Mronz katika nchi kama Saudi Arabia, ambako mapenzi ya jinsia moja ni kosa la jinai. Waziri anayesafiri na mkewe haanzi kupanga ziara kwa kusoma sheria ya jinai ya mwenyeji wake.