BS/MD: mtoto wa miaka 17 anaombaje kiti cha udaktari kabla hajamaliza hai skuli

Juzi mama mmoja wa hapahapa Columbus kanipigia saa nne usiku, salamu yenyewe haijakaa vizuri kashaingia kwenye shida, "Kaka, mwanangu ana SAT 1540 (ule mtihani wa kuingilia vyuo), ana A tupu tangu la tisa, wamemkataa programu zote sita za udaktari, hawa watu wanataka nini hasa?" Kazi yangu ni ukaunsela wa watoto wanaoomba vyuo, huu mwaka wa kumi na moja, na wengi wanaokuja kwangu ni wa nyumba zetu hizi, baba Mtanzania mama Mkenya, au Wakongo na Warundi waliokulia kambini Kigoma wakaletwa Ohio wakiwa wadogo, kwa hiyo swali hilo nimeshalisikia kwa lafudhi zote za Kiswahili. Nikamwambia mama, maksi niachie, nitumie alichoandika mtoto. Akatuma. Nimesoma mara mbili, nitawaambia nilichokiona, ila ngoja kwanza tuelewane hizi programu ni kitu gani maana hapo ndo watu wengi wanapoteleza.

Nyumbani ukimaliza form six na PCB yako iko safi unaingia Muhimbili au chuo kingine, miaka 5, halafu intanshipu mwaka 1, basi we ni daktari. Kenya ni miaka 6. Huku Marekani hakuna hiyo njia ya moja kwa moja. Mtoto anasoma kwanza digrii ya kawaida miaka 4, ya chochote kile, hata ya historia au muziki, mradi apitie masomo ya sayansi wanayoyataka, kisha anafanya mtihani unaitwa MCAT ambao maksi zake zinaanzia 472 mpaka 528 (usiniulize kwa nini hawakuanzia sifuri kama watu wengine), ndo anaomba skuli ya udaktari, na kila mwaka zaidi ya nusu ya wanaoomba hawapati hata moja. Akipata ni miaka 4 mingine, halafu residensi, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini, miaka 3 mpaka 7 kutegemea anataka kuwa nani. Sasa BS/MD ni programu zinazounganisha digrii ya kwanza na udaktari, yaani unaomba ukiwa la kumi na mbili, wakikukubali unaanza chuo huku kiti cha skuli ya udaktari kinakusubiri, bora utimize masharti yao njiani. Wazazi wetu wanaipenda sana kwa sababu inafanana na ya nyumbani. Tatizo ni kwamba kila mzazi wa Kihindi, Kichina, Kinaijeria na wa hapahapa anaipenda pia, na viti ni vichache mno. Chuo cha Brown kule Providence, programu yao ya PLME ya miaka 8, wanaoingia kila mwaka ni kama 50 au 60 hivi na wanaoomba ni maelfu.

Halafu watu wanaziweka zote kapu moja. Hazifanani hata kidogo. Brown hawana haraka, miaka 8 kamili, hawadai MCAT, na wanachotaka ni mtoto mwenye udadisi wa mambo mengine nje ya baiolojia, anayeweza kukaa darasa la falsafa akafurahia. UMKC, chuo kikuu cha Kansas City kule Missouri, ni miaka 6 tu, wanafanya hivyo tangu 1971, na mwanafunzi anakutana na wagonjwa mapema akiwa chini ya daktari mlezi, kwa hiyo wanatafuta aliyekomaa, anayejua kazi anayoiingia, maana hakuna likizo ndefu za kwenda kujitafuta. CUNY, chuo cha jiji la New York, pale Harlem, ni miaka 7, na wao hawafichi, wanataka madaktari wa huduma za msingi watakaofanya kazi kwenye mitaa yenye uhaba wa madaktari. Sasa ukipeleka insha moja sehemu zote tatu, eti tangu utoto nina ndoto ya kuwa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, CUNY watakusoma na kukuweka pembeni, na wala hawajakosea.

Na jamani ile orodha ya programu inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, ifuteni. Bado ina HPME, programu ya chuo cha Northwestern, na ile walishaifunga. Ingieni tovuti ya chuo chenyewe, mwaka uleule mnaoombea.

Haya, turudi kwa kijana wa 1540.

Maksi hazikuwa na kasoro yoyote. Ila maksi kwenye hizi programu ni kama tiketi ya daladala, bila hiyo hupandi, ukishapanda kondakta hakuulizi tena. Wote waliomo ndani wana tiketi. Baada ya hapo wale watu mezani wanaochagua wanajiuliza swali moja tu: huyu ana miaka 17, amejuaje kwamba anataka kazi hii? Yule wa njia ya kawaida anakuwa amepewa miaka 4 ya chuo abadili mawazo, achoke, ahamie uhasibu. Wewe unaomba uahidiwe leo, kwa hiyo unadaiwa ushahidi leo. Na kijana wetu kaandika nini? Kaandika anapenda sayansi na anapenda kusaidia watu. Kwenye orodha ya shughuli kaweka klabu ya roboti, kambi ya wiki mbili ya "viongozi wa tiba wa kesho" ambayo mama kalipia kwa kufanya ovataimu, na timu ya hisabati. Insha ya watoto elfu mbili wengine.

Nikampigia yeye mwenyewe, si mama. Nikamuuliza, ukitoka shule unafanyaga nini? Akasema aa, hamna, nakaa nyumbani. Unakaa unafanya nini? Nikamvuta vuta hivyo robo saa nzima ndo ikatoka: mama anabeba boksi usiku kwenye nyumba ya wazee, na bibi yao alipigwa stroku akapooza upande mmoja, kwa hiyo miaka mitatu mpaka bibi alipofariki mwaka jana huyu mtoto ndo alikuwa anamgeuza kitandani asipate vidonda, anampimia sukari, anampikia uji, na miadi ya hospitali ndo mkalimani. Kuna siku daktari katamka hospisi, yaani huduma ya mgonjwa ambaye hatapona tena. Kijana hana neno lake kwa Kiswahili, kageuka kamwambia bibi, "wanataka uende mahali pa kupumzika." Bibi kafurahi sana, kadhani anarudishwa nyumbani Ujiji. Na mtoto kanyamaza, hakumsahihisha. Akaniambia mpaka leo hajui kama alifanya vizuri au alimdanganya bibi yake.

Nikamuuliza hii mbona hukuiandika popote? Akanijibu, "Anko, hiyo si shughuli, hiyo ni nyumbani tu."

Nilitamani kulia kwa kweli. Fomu ya Common App, ile moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, ina nafasi 10 za shughuli, kila moja unapewa herufi 150 za kuelezea, na kwenye aina za shughuli wameweka kabisa kipengele cha majukumu ya familia, kipo, unakichagua tu. Watoto wetu wanakiruka kwa sababu wamefundishwa mambo ya nyumbani hayatolewi nje, na wazazi nao wanaona aibu, wanaona mtoto kumwosha bibi ni umaskini, bora aandike roboti. Wakati hicho ndo kitu ambacho mtoto wa daktari wa kitongoji cha matajiri hanacho hata akilipa. Sisemi mtoto auze msiba, la hasha, wanaosoma hizi insha wananusa machozi ya kutengeneza toka mbali. Nasema aandike alichokifanya na kile ambacho bado kinamsumbua, kwa sababu lile swali la hospisi madaktari wazima wanakutana nalo kila wiki, na yeye kashakutana nalo ana miaka 16.

Ila hapo bado haitoshi, nyumbani peke yake hapana. Wanataka pia uwe umeiona hospitali yenyewe kwa muda mrefu, kujitolea (hospitali nyingi zinapokea kuanzia miaka 16), kumfuata daktari kazini ukimwangalia tu, au kusomea uhudumu wa wagonjwa na kuufanyia kazi. Masaa matatu kila Jumamosi kwa miaka miwili ni bora kuliko kambi ya wiki mbili, mara mia.

Sasa kuna jambo moja nalisema kwa kulaumu na mimi mwenyewe nimo, maana mwaka wangu wa pili kazini nilimshauri mtoto aweke kitu hiki mbele kabisa kwenye aplikesheni nikidhani ni dhahabu. Likizo wanaenda nyumbani, anko ni daktari au anamjua daktari, mtoto anaingizwa tieta, anavalishwa glavu, anashika mkasi, wengine wanadunga sindano na kushona kabisa, halafu anakuja kuandika kwa fahari "nilisaidia upasuaji Tanzania". Huku hiyo inasomeka vibaya sana. AAMC, ule umoja wa skuli za udaktari, una miongozo kabisa kuhusu wanafunzi wanaogusa wagonjwa nchi za nje bila sifa, na anayesoma anajiuliza, kwani yule mgonjwa wa kule si mtu? Aliulizwa? Yule mtoto niliyemshauri aliulizwa hilohilo kwenye intavyu akabaki anatoa macho, na kosa lilikuwa langu. Nenda, simama pembeni, angalia, uliza maswali, andika ulichokiona. Mikono mfukoni.

Intavyu zenyewe nyingi ziko kati ya Januari na Machi. Baadhi wanatumia mtindo wa MMI uliotokea McMaster kule Kanada, unapita vituo kimoja kimoja, kwa kawaida unapewa dakika kama 2 kusoma swali halafu dakika kama 8 kulijibu, kituo kingine mtu anaigiza rafiki yako aliyeiba mtihani, kingine unaambiwa dawa iko moja wagonjwa wako wawili. Watoto wetu hapa wana tatizo la malezi mazuri, nacheka lakini ndivyo, mtoto kafundishwa asimkazie mkubwa macho, asibishane, ajibu kwa kifupi na kwa adabu, basi anamjibu mwenye intavyu "yes sir" dakika moja, na dakika saba zilizobaki wanaangaliana. Mimi nawafanyisha mazoezi na mtu mzima wasiyemjua, rafiki yangu mmoja mzee wa Mombasa mbishi kweli, kazi yake ni kumpinga mtoto kila anachosema. Kubisha kwa heshima kunafundishika, wiki tatu nne zinatosha. Na mzazi ukikaa kwenye mazoezi, tafadhali usimjibie. Kuna baba nilimtoa sebuleni kwake mwenyewe.

Makaratasi sasa. Programu nyingi, hasa za vyuo vya serikali, zinataka uwe raia au uwe na grini kadi. Waliokuja kwa ukimbizi wanatakiwa kuomba grini kadi baada ya mwaka 1, na bado nakutana na familia zina miaka sita hapa hazijaomba, eti "tulikuwa bize". Mtoto akiwa la kumi na mbili huko ni kuchelewa. Mwenye viza ya mwanafunzi asome masharti ya chuo kimoja kimoja kabla hajapoteza hela ya maombi.

Na hela yenyewe. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026 mkopo wa serikali kwa wanafunzi wapya wa fani kama udaktari una kikomo, dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, na ule mkopo mwingine wa serikali, Grad PLUS, uliokuwa unaziba pengo lote umeondolewa kwa wakopaji wapya. Skuli nyingi binafsi ada peke yake inapita hapo kabla mtoto hajala wala kulala. Kwa hiyo kiti kimepatikana, hongera, lakini pigeni hesabu ya miaka yote mkiwa mezani, si ya mwaka wa kwanza tu. Ulizeni pia je, mtoto akiomba skuli nyingine ya udaktari baadaye anapoteza kiti? Kuna zinazokunyang'anya. GPA, yaani wastani wa maksi za chuo, isishuke chini ya ngapi? MCAT ipo au haipo? Majibu yanatofautiana kila programu na yote yameandikwa.

Kijana wa 1540 hajafa wala hajafungiwa mlango. Kapata chuo kizuri cha kawaida na skolashipu nusu, ataanza Agosti. Nimemwambia mwaka wa pili akiwa chuoni aangalie FlexMed, programu ya skuli ya udaktari ya Icahn, Mount Sinai, New York, wale wanapokea maombi ya watu wa mwaka wa pili kutoka vyuo vyovyote na MCAT hawaitaki, na hata akikosa hiyo ile njia ndefu ipo na ndo wanayopita madaktari wengi wa nchi hii. Mama bado kanuna, anasema mtoto wa jirani kapata. Sawa.

Kwa walioko la kumi na moja sasa hivi: Common App inafunguka tarehe 1 Agosti, dedilaini za BS/MD nyingi ni kati ya 1 Novemba na mwanzo wa Desemba, mapema kuliko vyuo vya kawaida, na kila programu ina insha zake za ziada juu ya ile kubwa ya maneno 650. Nitumieni orodha ya mnachofanyaga nyumbani mwezi wa saba, yote, hata kupika uji. Msinitumie tarehe 30 Oktoba saa sita usiku, sitapokea, nimeshamwahidi mke wangu.