8.8.8.8 si dawa ya kila intaneti iliyogoma

Mteja akinipigia kuniambia intaneti ya nyumbani imegoma, sentensi ya pili huwa naijua kabla hajaitamka: "Na nimeshaweka 8.8.8.8, lakini wapi." Hiyo ni anwani ya seva ya DNS ya Google. Wengine wanaongeza kwamba wameiweka kwenye kila simu ya nyumba nzima, na televisheni juu. Hapo najua kazi imekuwa mbili: kutafuta hitilafu ya mwanzo, na kutafuta zile walizozitengeneza wenyewe wakiitibu.

Dhana: Intaneti ikigoma, badilisha DNS

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayonichosha kuliko zote.

DNS hupewa jina la tovuti, ikarudisha anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha seva au kifaa kwenye mtandao. Haikipi kifaa chako anwani, haibebi video unayotazama, wala haijui kama kifurushi kimeisha. Kabla swali la DNS halijatoka kwenye kompyuta yako, kifaa kinatakiwa kiwe kimeungana na ruta, kimepewa anwani na DHCP (huduma inayogawa anwani, kwa kawaida iko ndani ya ruta), na kinaijua njia ya kutokea. Ruta nayo iwe na anwani yake kutoka kwa mtoa huduma. Likikosekana hata moja kati ya hayo, hakuna jina litakalofunguka, uweke 8.8.8.8, uweke 1.1.1.1, uweke unayoitaka. Kivinjari kitakuandikia kwamba hakikuweza kuifikia seva ya DNS, na hapo ndipo watu wanapopotea. Wakishaliona neno DNS kwenye skrini, wanahukumu kwamba DNS imekufa, wakati swali lao halikuwahi hata kutoka nje ya nyumba.

Sasa utaniambia: mbona rafiki yangu aliiweka na ikafanya kazi? Ni kweli, kuna siku DNS ya mtoa huduma inaanguka, au ile ndogo iliyomo ndani ya ruta inakwama. Siku hiyo kubadilisha kunasaidia. Lakini huwezi kujua kama leo ndiyo siku hiyo mpaka upime, na kupima hakuchukui muda.

Kwenye Windows andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, fungua, kisha andika ipconfig /all. Tazama anwani ya IPv4. Ikianza na 169.254, funga kabisa mjadala wa DNS. Hiyo ni anwani ambayo kompyuta imejipa yenyewe baada ya kuiita DHCP na kukosa wa kuitika, na Windows itaendelea kuita tena kila baada ya dakika tano. Ugonjwa uko kwenye waya, kwenye waifai, au kwenye DHCP ya ruta. Simu ya Android haijipi anwani ya namna hiyo. Yenyewe huhangaika kutafuta anwani ya IP, kisha inakata tamaa na kujitoa.

Anwani ikiwa ya kawaida, tuseme inaanza na 192.168 au 10, andika ping 1.1.1.1, amri inayouliza kama anwani hiyo inajibu. Kisha ping jina la tovuti yoyote. Namba ikijibu na jina likagoma, basi laumu DNS, una haki. Namba isipojibu, ondoa mikono kwenye DNS. (Iko mitandao inayozuia ping, ila kwa nyumbani ni nadra.)

Ukitaka uhakika zaidi, andika nslookup example.com, halafu nslookup example.com 9.9.9.9. Amri ya kwanza inaiuliza seva uliyopewa, ya pili inauliza ya nje. Ya kwanza ikikwama na ya pili ikajibu, badilisha DNS kwa amani. Zikikwama zote mbili, kubadilisha ni kupoteza muda. Na ukijibiwa NXDOMAIN, maana yake DNS inafanya kazi vizuri sana: inakuambia jina hilo halipo. Angalia herufi ulizoandika.

Kuna wakati pia ambapo tatizo liko kwa mwenye tovuti. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka kwa takriban saa sita. Mabadiliko ya mitambo ndani ya kampuni yaliondoa kwenye intaneti njia za kuzifikia seva zao wenyewe za DNS. Kila aliyeuliza jina facebook.com alikosa jibu, awe anatumia DNS ya mtoa huduma wake, ya Google au ya Cloudflare (ile 1.1.1.1). Hata hivyo jioni hiyo watu walikuwa wanafungua ruta na kuchezea mipangilio. Wengi waliiharibu, na huduma iliporudi kwa dunia nzima, kwao haikurudi.

Niseme na madhara, maana wengi hudhani kubadilisha DNS hata kusiposaidia hakudhuru. Simu nyingi za Android hazikuachi uiguse DNS ya waifai peke yake. Inabidi kwanza utoe mpangilio wa IP kwenye DHCP na kuuweka kwenye anwani ya kudumu, ndipo visanduku vya DNS 1 na DNS 2 vijitokeze. Mtu anajaza 8.8.8.8, anahifadhi, anafurahi. Alichofanya hasa ni kuifunga simu kwenye anwani moja, tuseme 192.168.1.5, bila ruta kuwa na habari. Ruta inaona anwani hiyo iko wazi, kesho inaigawa kwa kompyuta au printa, na vifaa viwili vinaanza kuigombania. Mtandao unakatika, unarudi, unakatika. Baadaye inafungwa ruta mpya. Fundi anaacha jina lilelile la waifai na nywila ileile ili watu wasisumbuke, lakini ruta hii inagawa anwani zinazoanza na 192.168.100. Nyumba nzima inapata intaneti isipokuwa simu hiyo moja, na mwenyewe anaapa kwamba ruta mpya ni mbovu. Ukifungua mipangilio unakuta 8.8.8.8 imekaa pale, mwenyewe amekwisha kuisahau.

Ukiwa na sababu ya kweli ya kubadilisha DNS, badilisha mara moja kwenye ruta, sehemu ya DHCP, na vifaa vyote vitaipokea vinapofanya upya anwani zao. Kwa simu moja tu, Android 9 ya mwaka 2018 na zilizofuata zina DNS ya faragha. Pale huandikwa jina, kama dns.google, na si namba. Kumbuka tu kwamba kwa kawaida hiyo hupita mlango (port) namba 853. Ukienda kwenye mtandao unaoufunga mlango huo, simu inaweza kushika waifai na isipate intaneti.

Dhana: 8.8.8.8 huongeza kasi

DNS ikishajibu, kazi yake imeisha. Video inakuja kwa njia nyingine kabisa. Unachoweza kuokoa ni milisekunde chache za mwanzo. Tena wakati mwingine unapoteza, kwa sababu tovuti kubwa hukuchagulia seva ya karibu kwa kuangalia swali la DNS limetoka upande gani. Swali likionekana limetoka mbali, unaweza kupelekwa mbali.

Dhana: Kufanya upya anwani ni kupata anwani mpya

"Nimefanya ipconfig /renew na anwani ni ileile, ruta imekufa?" Haijakufa, imefanya ulichoomba. DHCP hukodisha anwani kwa muda, na kufanya upya ni kuongeza muda wa kukaa palepale. Utaratibu huu umeandikwa tangu 1997 katika RFC 2131, waraka wa kanuni za DHCP: nusu ya muda ikifika, kifaa kinamwomba aliyekipa anwani akiongezee. Asipojibu, asilimia 87.5 ya muda ikifika, kinamwomba yeyote anayesikia. Kwa anwani ya saa 24, hiyo ni saa ya 12 na saa ya 21. Yote hufanyika kimyakimya bila wewe kugusa kitu.

Hapa ndipo penye dalili ambayo watu huipita bila kuiona. Intaneti ikikatika kwa vipindi vinavyofanana, kila siku saa ileile, au kila baada ya saa kadhaa zisizobadilika, tazama kwenye ipconfig /all mistari ya anwani ilipotolewa na itakapoisha muda. Saa za kukatika zikilingana na saa za kuisha, maombi ya kuongezewa muda hayajibiwi, na sasa unajua cha kumwambia mtoa huduma au fundi. "Mtandao unasumbua" haimsaidii mtu.

Ukitaka kweli kuanza upya, andika ipconfig /release, kisha ipconfig /renew. Usifanye hivyo ukiwa umeingia kwenye kompyuta hiyo kutoka mbali, maana utajifungia nje. Na hata ikibadilika, iliyobadilika ni anwani ya ndani. Ile inayoonekana na dunia iko kwenye ruta, au hata si ya ruta yako: ukikuta upande wa nje wa ruta una anwani kati ya 100.64 na 100.127, unashiriki anwani moja ya nje na wateja wengine, na huwezi kuibadilisha kwa amri yoyote ukiwa nyumbani.

Dhana: Ruta ya pili huongeza waifai tu

Huongeza na mgawaji wa pili wa anwani. Ukichomeka waya kutoka ruta ya kwanza kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la ruta ya pili bila kuzima DHCP yake, nyumba ina DHCP mbili, na kifaa hukubali ofa inayowahi kufika. Nusu ya vifaa vinafanya kazi, nusu vinaelekezwa kwenye ruta isiyo na intaneti, na kesho vinabadilishana. Hii huitwa "DNS inasumbua" hadi nachoka. Linganisha mstari wa Default Gateway (anwani ya ruta ambayo kifaa hutokea) kwenye kifaa kizima na kibovu. Ukitofautiana, umempata mchawi. Zima DHCP ya ruta ya pili na uipe anwani isiyogongana na ya kwanza, au iweke iwe kituo cha waifai tu kama ina uwezo huo.

Dhana: Kuzima na kuwasha ni sawa na kuriseti

Kuzima na kuwasha huacha mipangilio ilivyo. Kukibonyeza kile kitufe cha ndani kwa pini hadi taa zipepese kunafuta kila kitu, pamoja na jina na nywila za PPPoE (ambazo ruta huingilia kwa mtoa huduma) ambazo watu wengi hawajaziandika popote. Kabla ya kukigusa, hakikisha unazo. Na ukizima, washa modemu kwanza, ngoja itulie, ndipo ruta.

Dhana: ipconfig /flushdns ni usafi wa kila wiki

Inafuta majibu ambayo kompyuta imeyaweka akiba. Inasaidia tovuti ikiwa imehamia anwani nyingine na wewe bado unapelekwa kwenye ya zamani. Siku nyingine unailazimisha kompyuta kuuliza upya mambo iliyokuwa inayajua. Na kivinjari kina akiba yake, ruta ina yake. Amri hiyo haizigusi.

Dhana: DNS ya pili ni ya akiba, haitumiki hadi ya kwanza ife

Windows huwa haingoji mpaka seva ya kwanza ife. Ikichelewa kama sekunde moja, inaulizwa nyingine. Tena seva ya kwanza ikijibu kwamba jina halipo, hilo ni jibu, na ya pili haitaulizwa ili kubatilisha. Kwa hiyo ukiweka ruta iwe ya kwanza na 8.8.8.8 ya pili, usishangae printa inayoitwa kwa jina ikionekana asubuhi na kupotea mchana: ruta inalijua jina hilo, Google hailijui. Chagua upande mmoja, weka seva zake zote mbili.