Kuchelewesha flepu: kwa nini ngozi inachanjwa leo, inahamishwa baada ya wiki mbili

Ndugu wanaosubiri kwenye korido za hospitali hapa Dar hushtuka sana kwa hili: mgonjwa kaingizwa upasuaji, ngozi ikachanjwa, ikashonwa palepale ilipokuwa. Baada ya wiki mbili anarudishwa tena. Kwani mara ya kwanza walikosea?

Hawakukosea. Wameichelewesha flepu kwa makusudi.

Flepu ni kipande cha ngozi pamoja na mafuta yake, wakati mwingine hata msuli, kinachohamishiwa penye jeraha huku upande mmoja ukiwa bado umeshikamana na mwili. Upande huo ndio shina, na damu yote inapitia hapo. Si ile ngozi nyembamba inayobanduliwa pajani kuziba kidonda cha moto. Ile haiji na mishipa yake, kwa hiyo haishiki juu ya mfupa mtupu, kama muundi wa kijana aliyeanguka na bodaboda.

Tatizo la flepu ni ncha. Ikiwa ndefu, damu haifiki mwisho, na ncha hugeuka nyeusi ikafa.

Mvua ikifunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani, magari hutafuta njia za pembeni. Ngozi nayo ni hivyo. Daktari akikata baadhi ya mishipa na kuacha shina, vijishipa vilivyokuwa vimejibana hulazimika kupitisha damu. Hutanuka hasa kati ya siku ya pili na ya tatu, kisha hukomaa; ndiyo maana mara nyingi husubiriwa siku 7 hadi 14. Gaspare Tagliacozzi wa Bologna, aliyeandika mwaka 1597 jinsi ya kujenga pua kwa ngozi ya mkono, naye alisubiri kwanza kabla ya kuihamisha.

Kusubiri kwa pili huja flepu ikishahamishwa. Kwa mfano, mkono wenye jeraha ulioshonewa kwenye flepu ya kinenani hukaa hapo kama wiki 3, mpaka mishipa ya mkono iingie kwenye ngozi mpya, ndipo shina likatwe. Inachosha mno, na mgonjwa anahitaji mtu wa kumlisha na kumgeuza. Sigara ni marufuku kabisa, maana nikotini hubana vijishipa hivyohivyo tunavyovisubiri.

Kabla ya kulikata shina, daktari anaweza kulibana kwa mpira kwa dakika kadhaa. Kwenye ngozi nyeusi rangi hudanganya, kwa hiyo hugusa kuona kama pana joto, au huchoma kidogo kwa sindano. Damu nyekundu ikichuruzika, shina linaweza kukatwa.